Kima Anayekaa Chini

"Mjomba, huyo kima wa chini ni kima gani?"

Swali hilo aliniuliza mpwa wangu wa Muleba, msichana wa darasa la nne. Ilikuwa Mei Mosi ya mwaka 2024. Mvua ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha kwetu Kagera majira hayo, haipumziki. Tumekaa jikoni, ndizi zinatokota, redio inatuletea sherehe za wafanyakazi kutoka Arusha. Mtu mmoja redioni akataja "kima cha chini cha mshahara". Mpwa wangu akageuka. Kima anamjua vizuri. Kima ndiye anayeingia kibanjani kuiba ndizi za bibi. Lakini wa chini? Kima si hukaa juu ya mti?

Nilifurahi, wapwa zangu, nyote mnaonisoma. Mtoto anayelisimamisha neno mlangoni na kuliuliza "wewe ni nani?" huyo nampenda sana.

Nikamwambia: kima ni mnyama, kweli kabisa. Lakini kima ni kipimo pia. Tunasema kima cha maji kisimani, yaani maji yamefika wapi. Sasa tazama chungu hiki cha ndizi. Tuseme kuna mstari umechorwa ndani yake, chini kidogo ya katikati. Malipo ya mfanyakazi yakiwa juu ya mstari, vizuri. Yakishuka chini ya mstari, mwajiri ana deni. Mstari huo ndio kima cha chini.

"Nani kauchora?"

Serikali. Kuna bodi za mishahara, ambako watu wa upande wa wafanyakazi na watu wa upande wa waajiri hukaa pamoja na kushauri. Kisha waziri anatoa amri. Amri iliyokuwa ikitumika siku ile ilitolewa mwaka 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2023. Kila sekta ina mstari wake. Kwa watu wa biashara na viwanda, mstari ulikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi.

Mpwa wangu akanyamaza. Akatazama ndizi. Kisha akauliza swali ambalo lilinifanya niweke kikombe chini.

"Na dada je? Dada ana mstari?"

Dada yake alikuwa amerudi jana yake usiku kutoka Bukoba, kwa hiace, amelowa mpaka miguuni. Anauza sufuria na chupa za chai. Duka ni la tajiri mmoja, na dada hukaa nje ya duka, barabarani, chini ya mwavuli mkubwa. Hana mshahara. Ana kamisheni tu. Sufuria moja ikiuzwa, yeye anapata shilingi 1,500. Chupa ya chai ikiuzwa, anapata 1,000. Isipouzwa, hapati kitu.

Akatuletea daftari lake. Ni daftari la shule, la mistari, pembe zimejikunja kwa unyevu na ukurasa wa Aprili una doa la wino uliotawanyika. Kila siku ameandika alichouza. Sufuria 48 kwa mwezi mzima. Chupa 21. Mpwa wangu akachukua penseli mwenyewe, sikumsaidia. Sufuria zikaleta 72,000. Chupa zikaleta 21,000. Jumla 93,000. Chumba anachopanga Kashai, pale Bukoba, kinamaliza karibu theluthi ya hizo, kabla hajanunua hata chumvi.

Halafu mpwa wangu akaweka kidole kwenye sifuri. Sifuri zilikuwa nane. Siku nane za mvua.

"Dada, hizi siku hukwenda kazini?"

"Nilikuwepo," dada akasema. "Nilifika saa mbili asubuhi. Nilipanga sufuria. Nilifuta vumbi. Nililinda zisiibwe. Wateja ndio hawakuja. Mimi nilikuwepo."

Shikeni neno hilo, wapwa zangu. Nilikuwepo. Sasa nawapa hadithi.

Hapo zamani palikuwa na Fisi mwenye kibanja kikubwa. Alikuwa na ndizi nyingi kuliko meno yake. Kibanja chake kilipakana na barabara ile inayotoka Muleba, inapita Muhutwe, inapita Kemondo, inaingia Bukoba. Fisi akamwita Kima.

"Kima, kaa hapa barabarani uniuzie ndizi. Kila mkungu ukiuzwa, ndizi tano zako. Usipouzwa, huna kitu. Si haki hiyo?"

Kima akaona ni haki. Jua likawaka. Kima akauza mikungu minne siku ya kwanza. Ndizi ishirini! Akala, akawapelekea watoto, akacheza ngoma.

Kisha mvua ikaja. Siku ya kwanza ya mvua hakupita mtu. Jioni Kima akanyoosha mkono. Fisi akasema, "Hujauza." Kima akasema, "Lakini nilikuwepo." Fisi akacheka.

Siku ya pili, mvua. Kima akanyoosha mkono. "Hujauza." "Lakini nilikuwepo."

Siku ya tatu, mvua. Mkono wa Kima ulikuwa umeanza kutetemeka. "Hujauza." "Lakini nilikuwepo!"

"Ulikuwepo kwa hiari yako," Fisi akasema. "Wewe si mfanyakazi wangu. Wewe ni mfanyabiashara mwenzangu. Tunashirikiana."

Hapo juu ya mti wa kahawa alikuwa ametua Kasuku wa kijivu kutoka msitu wa Minziro. Mnamjua Kasuku. Hatungi neno. Anarudia alichosikia tu. Kasuku akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa sauti ya Fisi mwenyewe:

"Njoo alfajiri! Usiondoke mpaka jioni! Usiuze ndizi za mtu mwingine! Kaa hapa, si pale! Nitakukata ukichelewa!"

Wanyama wote wakasikia. Wakamgeukia Fisi. Je, mfanyabiashara mwenzako unamwambia aamke saa ngapi? Mwenzako unamkata akichelewa? Fisi akajikuna. Hakuwa na jibu.

Basi wanyama wakakata shauri. Wakachukua kikapu cha Kima, wakachora mstari kwa mkaa. Wakasema: mwisho wa wiki, ndizi zisipofika mstari huu, Fisi aongeze mpaka zifike. Zikizidi mstari, zote ni za Kima, Fisi asiguse hata moja. Na Kima mwenyewe akapewa kazi ya kukaa chini, penye ule mstari, aulinde.

"Ndiyo maana anaitwa kima wa chini!" mpwa wangu akapiga makofi.

Kwa hadithi yangu, ndiyo. Kwa kamusi, mwalimu wako asikusikie.

Sasa tutoke kibanjani kwa Fisi turudi Bukoba. Nilimwambia mpwa wangu, leo wewe ni Kasuku. Muulize dada maswali, urudie majibu.

"Dada, mwavuli wa nani?"

"Wa tajiri."

"Fulana uliyovaa ya nani?"

"Ya tajiri. Ina jina la duka."

"Nani anasema ufike saa mbili?"

"Tajiri."

"Unaweza kuuza sufuria za duka lingine?"

"Hataki kusikia."

"Ukiacha kwa tajiri, una kazi nyingine ya kukulisha?"

Dada akatikisa kichwa.

Wapwa zangu, maswali hayo sikuyabuni mimi. Yamo katika Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Sheria inauliza: mtu huyu anafanya kazi kwa kuelekezwa na mwingine? Saa zake zinapangwa na mwingine? Vifaa ni vya mwingine? Anamtegemea huyo mmoja kwa riziki? Anamfanyia kazi huyo mmoja tu? Kwa miezi mitatu iliyopita, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi? Jibu la ndiyo likipatikana hata kwa swali moja, mtu huyo anahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka mwingine athibitishe kwamba sivyo. Kwa dada, majibu ya ndiyo yalikuwa yamejaa kiganja.

"Lakini nilitia saini," dada akasema kwa sauti ndogo. Akatoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Imeandikwa kwamba yeye ni wakala wa kujitegemea, si mwajiriwa, na hatadai mshahara.

Nilimwambia aikunje airudishe mfukoni. Sheria inasema maneno mazito hapa, nami nayapenda: mtu anahesabiwa mwajiriwa bila kujali mkataba umeandikwa kwa sura gani. Ukiandika "mbuzi" kwenye shingo ya ng'ombe, bado atatoa maziwa ya ng'ombe.

Mpwa wangu akauliza kama karatasi za namna hii zipo Bukoba tu. Hazipo Bukoba tu. Nikamsimulia habari ya wanawake wa Cradley Heath, mji mdogo wa Uingereza, karibu na Birmingham. Walikuwa wanatengeneza minyororo. Nyuma ya nyumba kuna kibanda, ndani ya kibanda kuna moto na nyundo, na mama anagonga chuma huku mtoto amelala pembeni. Walilipwa kwa kipande, jinsi dada anavyolipwa kwa sufuria. Mwaka 1909 Uingereza ikatunga sheria ya kuweka bodi za mishahara kwa kazi kama hizo, na bodi ya minyororo ikasema mwanamke apate angalau peni mbili na nusu kwa saa. Basi wenye mali wakafanya nini? Wakaleta karatasi. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma. Wakaweka alama ya msalaba penye saini, wakawa wamekubali kulipwa chini ya mstari kwa miezi kadhaa.

"Kama dada!"

Kama dada, naam. Ila walipogundua, wakaweka nyundo chini. Mama mmoja shupavu, Mary Macarthur, akawaongoza. Mwaka 1910 waligoma wiki kumi, wakashinda. Naisimulia habari hii kwa sababu watu hudhani kima cha chini ni cha wenye mshahara wa mwezi, na kwamba wa kamisheni amechungulia tu dirishani. Si hivyo. Bodi hizo za Uingereza zilianzishwa kwanza kwa ajili ya washonaji, watengeneza maboksi na wagonga minyororo, watu wa kulipwa kwa kipande. Wa kamisheni yumo ndani ya nyumba hii tangu msingi ulipochimbwa.

"Kwa hiyo kamisheni ni mbaya?"

La, mpenzi. Kamisheni ni tamu. Wavuvi wa Bumbire na Goziba nao hugawana kilichopatikana ziwani, na siku samaki wakiwa wengi nyuso zao zinang'aa. Kamisheni ni dagaa waliowekwa juu ya ndizi. Dagaa wakiwa wengi, shukuru. Wakikosekana, ndizi zenyewe ziwepo sahanini. Kosa la tajiri lilikuwa kutoa dagaa bila ndizi, na siku za mvua kutoa sahani tupu.

Basi tukafanya hesabu ya mwisho. Mstari ni 150,000. Dada amepata 93,000. Mpwa wangu akatoa, akakopa, akaandika 57,000. Hilo ndilo deni la tajiri kwa Aprili. Mwezi ambao kamisheni imefika 200,000, dada anachukua 200,000 zote, na tajiri haongezi wala hapunguzi.

Mpwa wangu hakutosheka. Alihesabu vidole: saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, toa saa moja ya kula, ni saa nane. Mara siku sita. "Saa 48, Mjomba." Akili hiyo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya mwaka 2004, inasema wiki ya kawaida ni saa 45, hazizidi. Zile tatu za juu zina malipo yake, na kila moja inahesabiwa kama saa moja na nusu.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu kingine kizuri, cha 26. Kinajua kwamba kuna watu hawalipwi kwa muda. Hao kinawahesabu hivi: chukua walichopata wiki 13 zilizopita, tafuta wastani wa wiki moja. Kwa nini? Kwa sababu dada naye ana likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Akijaliwa mtoto ana siku 84. Na likizo hauzi sufuria. Lazima pawe na njia ya kujua alipwe nini.

Mama yao alikuwa anamenya ndizi za kesho, kimya muda wote. Hapo akasema, "Na ile chupa je?"

Aprili upepo wa ziwa uliangusha mwavuli, mwavuli ukaangusha chupa ya chai, kioo cha ndani kikapasuka. Tajiri akakata bei yote kwenye kamisheni ya wiki ile. Nikamuuliza dada, uliusukuma mwavuli? Hakuusukuma. Basi hakuwa na deni. Tajiri anaruhusiwa kukata kwa hasara pale tu ambapo mfanyakazi ndiye mwenye kosa. Tena amwandikie kwanza, sababu na kiasi. Tena amsikilize. Tena asikate zaidi ya robo ya malipo yake. Upepo wa Ziwa Victoria haujaajiriwa na mtu, hakuna wa kumkata.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila mwenye kamisheni anadai. Bibi anayeuza senene zake mwenyewe sokoni hana tajiri. Mwenye kibanda chake cha kutuma na kutoa pesa, mtaji wake, kufuli lake, anafungua akitaka, anafunga akitaka, huyo ni mfanyabiashara kweli. Kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, hapo inabidi kumwita Kasuku amuulize maswali yote, moja moja. Mwavuli wa nani? Saa za nani?

"Mwanangu asije akakosa hata hicho kidogo," mama yao akasema. Hofu hiyo siibezi. Bukoba kazi ni chache, na chini ya kila mwavuli kuna mwingine anasubiri zamu. Nikamwambia dada aanze kwa adabu, kwa tajiri mwenyewe. Wapo matajiri ambao hawajui, na wakioneshwa wanalipa. Asiposikia, yupo afisa kazi. Na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, ina ofisi pale pale Bukoba. Huko huanza na usuluhishi: wawili wanakaa mezani, na msuluhishi katikati. Ila Tume ina kalenda. Deni la malipo lipelekwe ndani ya siku 60. Ukifukuzwa kazi isivyo halali, siku 30. Watu wengi wanakosa haki yao kwa sababu walisubiri mvua iishe.

Tangu siku ile mstari umepanda. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya ya sekta binafsi, ianze tarehe 1 Januari 2026. Wastani wa sekta zote ukapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Huo ni wastani, wapwa zangu, kila sekta bado ina mstari wake, na wa duka si wa benki. Mwenye ndugu anayelipwa kwa kamisheni amwambie aende kwa afisa kazi aulize mstari wa sekta yake. Hakuna ada ya kuuliza.

Usiku ule dada alilala mapema, kwa sababu hiace ya alfajiri haimsubiri mtu. Mimi na mpwa wangu tulibaki na taa. Akachukua rula. Akafungua ukurasa mpya wa Mei katika daftari la dada. Pembeni ya safu ya sufuria na safu ya chupa, akapiga mstari mwingine mrefu kutoka juu mpaka chini, taratibu, ulimi umetoka nje kidogo. Juu ya safu hiyo mpya akaandika neno moja kwa herufi kubwa, na chini yake akaweka nafasi ya saa ya kufika na saa ya kuondoka.

NILIKUWEPO.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Dada akalifunga daftari ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na ile karatasi, akaliweka kifuani chini ya sweta, akapanda gari.